Shingo Isiyogeuka

Walimkamata kwa mdomo wa mtoto.

Asubuhi hiyo mtoto alitumwa kwa jirani kuomba chumvi, na kwa kuwa alikuwa na miaka minne na hajui hatari ya maneno, aliomba kwa lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa. Maneno manne tu. Mpita njia mmoja, kavaa shati jeupe la wasikizi wa Shirika, wachapaji wanaomiliki vitabu na maneno yaliyomo, akasimama, akatoa daftari, akayaandika yote manne, kisha akamuuliza mtoto mama yake yuko wapi. Mtoto akanyoosha kidole. Ndivyo walivyo, ukiwauliza kwa upole hawakufichi kitu.

Jina la mama huyo silitaji. Si kwamba silijui. Nalijua sana, na wengi wenu mmewahi kulisoma, ila lina wenyewe, nami sitaki kuitwa Barazani kwa kosa la kuandika mali ya watu. Majirani walimpa jina la kuazima, Sihaba, nami nitajikalia na hilo. Jina la mtoto ndiyo kabisa, maana mama yake alilitunga kwa lugha ile, kwa hiyo mtoto atakuwa mtoto. Na lugha yenyewe sitaandika hata neno lake moja. Nitaiita lugha ile, nanyi mtanisamehe. Katika mji huu hata kusamehe kulikuwa na mwenyewe zamani, bahati akafa bila warithi.

Sihaba alikuwa mtu wa kitabuni. Nalisema mapema asije mtu akanigeuzia kibao baadaye kwamba nilimficha. Mtunzi Salmini, alipokuwa kijana mwenye meno yote, aliandika riwaya ya watu wasiokuwako. Akawapa nchi, akawapa mvua, akawapa lugha isiyofanana na yoyote, yenye vitenzi vyake na matusi yake, na katikati yao akamweka mwanamke mmoja anayeteka maji. Kitabu kinaishia kisimani, mwanamke ameshika ndoo iliyojaa, anaitazama njia. Hapo Salmini aliweka nukta akaenda kula chakula chake cha mchana. Kwa miaka arubaini watu waliufungua ukurasa ule wa mwisho wakamkuta vilevile, ndoo mkononi, kila msomaji akamhurumia kidogo na kufunga kitabu. Mpaka siku moja mkono ulimchoka. Akaiweka ndoo chini.

Kitendo hicho hakikuandikwa popote. Ndipo alipogundua kwamba njia aliyokuwa akiitazama inapitika, akaifuata, akatokea mjini nyuma ya soko la vyuma chakavu, ana miaka ileile thelathini aliyopewa siku ya kwanza. Mji haukushangaa. Ni mji ambao Jumanne ya mtaa mmoja ni Ijumaa ya mtaa wa pili, na mtu anaweza kukutana na bibi yake akiwa msichana anayeulizia nyumba ya kupanga. Sihaba akapata chumba, akajifunza lugha ya mji, akazaa na fundi wa miavuli ambaye siku moja ya mvua alikwenda kazini na hakurudi. Tangu kujifungua akaanza kuzeeka, na hilo lilimfurahisha mno. Mvi yake ya kwanza alimwonyesha jirani yake, Bi Zuwena, kama mwingine anavyoonyesha pete ya uchumba.

Lakini akiwa ndani na mtoto alisema lugha ile. Hilo ndilo kosa lake, na watu wameliongea sana. Kwa nini asimfundishe ya mji, kama wakimbizi wote wenye akili? Mimi nasema muulizeni yeyote aliyewahi kumwogesha mtoto mchanga maneno yalimtoka wapi. Hayachaguliwi. Yanatoka pale palipo laini, na Sihaba palipo laini pake paliandikwa na mtu mwingine, kwa wino, miaka mingi kabla mtoto hajazaliwa.

Sasa mila ya Baraza la Wenye Vitu ni hii. Ilianza na mbuzi. Wawili wakigombea mbuzi, mbuzi huwekwa katikati, mgongo kwa wadai, kila mdai akamwita. Atakayegeukiwa ndiye mwenyewe. Mila nzuri, mbuzi hajui kudanganya. Baadaye ikatumika kwa kasuku, kisha kwa vijakazi, kisha kwa nyimbo, na haukupita muda ikawafikia watu wa vitabuni, ambao wakati huo walikuwa wameanza kutoroka kwa wingi. Baraza likaiboresha. Karani maalumu aliajiriwa kupima kugeuka: shingo nzima ni umiliki kamili, macho peke yake ni nusu, sikio likisimama, shauri huahirishwa. Na ndama humfuata ng'ombe. Aliyemmiliki mama amemmiliki na mtoto, alimradi ionekane kwamba mama ni yeye kweli, yule wa kitabuni, na mtoto ni zao lake. Watu wazima wenye miwani walikaa wakayaandika haya.

Siku moja kabla ya shauri, adhuhuri, Salmini alibisha hodi. Sihaba alikuwa amefungiwa chumbani kwake kwa amri, msikizi mmoja kakaa kizingitini anachokonoa meno. Mzee aliingia akiegemea ukuta. Alikuwa na miaka sabini, na mwanamke aliyemuumba yeye alikuwa bado hajafika arubaini. Walitazamana kila mmoja akiona mwenzake kakosewa hesabu.

"Hata shikamoo hunipi?" Salmini alisema.

"Kule kwako hukutuandikia shikamoo. Kaa, utaanguka."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Uani, mtoto alikuwa akigombana na kuku wa Bi Zuwena, akimkaripia kwa lugha ile, na mzee akasikiliza mdomo wazi. Hakuwahi kuisikia ikisemwa na mtoto. Alipoitunga alikuwa peke yake.

"Amekosea kitenzi," alisema polepole.

"Hajakosea. Ndivyo tunavyosema siku hizi."

Salmini akajifuta macho kwa kiganja. "Nimekuja kukwambia watakachofanya kesho, mama. Baraza haliketi bila wadai wawili, kwa hiyo nitasimama mimi, litasimama Shirika. Usinigeukie mimi. Ukinigeukia haitakusaidia. Nilitia saini zamani: kila kilichomo, na kila kitakachotoka humo. Nikishinda asubuhi, jioni wamekuchukua kwa saini hiyohiyo."

"Wananitakia nini? Mwanamke na ndoo."

"Juzuu ya pili imekwisha kutangazwa." Akageuzia macho uani. "Sura ya tatu ina mtoto anayezama kisimani. Ndiyo sura watakayoililia wasomaji. Na kitabuni hamna mtoto."

Uani kuku alipiga kelele na mtoto akacheka. Sihaba alisimama, akafunga dirisha, akalifungua tena.

"Umeiandika wewe?"

"Wameiandika wao. Mimi waliniletea nisome."

"Ukasoma."

"Nikasoma."

Nataka kuwa mkweli: hapa Sihaba aliazimia kumuua. Aliiona shingo ya mzee, imekunjamana, inashikika. Lakini hakuandikwa muuaji na hakuwa amejifunza, basi akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye tendegu la kitanda na kulia kwa hasira. Salmini alimwachia alie. Kisha akasema alichokuja kukisema.

"Hutamgeukia wakili wao, najua. Kwa hiyo wataleta mtoto. Huyo wakili, Mkumbukwa, ameukariri ukurasa wa arubaini na moja."

Hakuwa na haja ya kumsomea. Sihaba aliubeba ukurasa huo mwilini. Mwanamke wa nchi ile haachi mwito wa mtoto uanguke chini. Hugeuka akiwa mgonjwa, hugeuka akiwa usingizini, na akifa kabla ya mtoto kukua, hulazwa kaburini ubavu wake ukielekea mlango wa nyumba.

"Kwa nini uliandika vile?"

"Mama yangu alikuwa haniitikii," alisema mzee. "Sijui nilimkosea nini. Nilikuwa nasimama mlangoni naita mpaka sauti inakauka, naye yumo, namwona mgongo, anachambua mchele. Basi nilipokua nikatunga nchi ambayo jambo hilo haliwezekani."

Msikizi mlangoni alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo.

"Sikiliza," Salmini alinong'ona. "Mtoto atakuita. Usipogeuka, wewe si yule. Hamna mwanamke wa kitabu changu anayeweza kufanya hivyo, na wao ndio wanaoapa kwa kitabu changu. Hawatakuwa na dai juu yako wala juu yake."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Sijui. Huko sikuandika."

"Nimwambie basi. Nimwambie ni mchezo."

"Usithubutu! Watamuuliza kabla ya kumwingiza. Mtoto wa miaka minne hana pa kuficha neno. Akisema mama kaniambia, mmekwisha, wote wawili."

Aliondoka akiegemea ukuta uleule. Sihaba hakumsindikiza.

Alibaki akifikiri, na kufikiri kwake hakukuwa na mpangilio, nami sitajifanya kuupanga.

Je, ninapompenda, nani anapenda?

Nilipomshika mara ya kwanza, ana ute, ana nywele, nilidhani hili ni langu. Hili halikuwamo. Kumbe lilikuwamo, ukurasa wa arubaini na moja, mstari wa tisa, limetiwa mkato na nukta na kijana aliyenyimwa mama.

Mkono unaomfunika shuka ni wa nani? Sauti inayosema lala?

Kama mapenzi yangu yana mwenyewe, basi nimekuwa nikimlisha mwanangu chakula cha wizi, naye amenenepa kwacho, ana mashavu.

Ndoo niliiweka mwenyewe. Hiyo naijua. Hiyo haikuandikwa. Basi changu ni kile tu ninachokataa? Mtu wa namna gani huyu, aliyejengwa kwa kukataa? Na kesho nikikataa kubwa kuliko yote nitakuwa mtu mzima, kamili, siandikiki, na nitakuwa nimekuwa mtu kwa kumwacha mtoto aite hewa.

Kwani wewe msomaji, wewe ambaye hakuna aliyekutunga, una uhakika gani? Aliyekufundisha kulia alijifunza kwa nani?

Mtoto aliingia, magoti yana vumbi, akamlalia mapajani na kuuliza kwa lugha ile kama kuku wana mama. Sihaba akamwambia wanao. Akamwita jina lake mara nyingi jioni hiyo, bila sababu, na kila mara mtoto aliitikia, mwishowe akachoka akasema, nipo hapa, unaniitia nini na mimi nipo?

Barazani walimkalisha kwenye kigoda katikati ya ukumbi, uso kwa ukuta mweupe, mgongo kwa watu. Karani mpima shingo alivuta kiti chake karibu, akasafisha miwani. Hakimu alikuwa juu kulia, anaonekana kwa kona ya jicho, na kando yake mkalimani wa Shirika, mmoja wa watu watatu mjini wenye kibali cha kuisema lugha ile.

Salmini aliitwa kwanza. Aliliita jina alilompa, mara tatu kama mila inavyotaka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Shingo haikutikisika. Karani akaandika.

Kisha Mkumbukwa, wakili wa Shirika, mtu nadhifu, mnene kiasi, anayejulikana mjini kwa kuwapenda sana wanawe watatu. Aliliita jina kwa lafudhi safi kuliko ya mtunzi mwenyewe. Mara tatu. Shingo haikutikisika. Karani akaandika.

"Mheshimiwa," Mkumbukwa alisema, "tunaomba mtoto aingie."

Sihaba aliusikia mlango. Akayasikia makubadhi ya Bi Zuwena, maana ndiye aliyeamriwa kumleta, na katikati yake nyayo nyingine ndogo, peku. Akakaza macho ukutani. Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba, na mchwa mmoja alikuwa akiufuata, akifika mahali anarudi.

Mtoto aliita. Mwito wa kwanza ulikuwa wa furaha, wa kumwona mama kafichwa mahali na yeye kamgundua.

"Anasema: mama," mkalimani alisema.

Damu yote ya Sihaba iligeuka. Mwili wake wote ulikuwa umekwisha kugeuka kwa ndani, ini limegeuka, maziwa yaliyokauka miaka miwili nyuma yaligeuka. Mifupa ya shingo tu ndiyo aliyoishika, mmoja mmoja, kwa nguvu ambazo hakupewa na mtu. Karani alisogeza kiti.

Mtoto aliita tena, safari hii akiuliza.

"Anasema: mama?"

Mchwa alifika mwisho wa ufa. Sihaba aliuma ulimi, mdomo ukajaa ladha ya chuma.

"Anasema: mama, ni mimi."

Hata waliokuja kutazama tu, maana kuna watu huja Barazani kama wengine wanavyokwenda mpirani, walikuwa wamekaa mikono mapajani. Sihaba alisikia nyayo zikija hatua mbili, askari akizizuia. Kisha ile sauti ikashuka, ikawa ndogo, ile ya siri, ya chini ya shuka.

Mkalimani alichelewa kidogo. "Anasema: mama, unga sitamwaga tena."

Asubuhi hiyo, kweli, mtoto alikuwa amepindua bakuli la unga, na Sihaba alikuwa amekaa akiutazama sakafuni bila kusema kitu kwa sababu akili yake ilikuwa huku. Sasa mtoto alikuwa ametafuta kosa lake na amelipata. Hapo, wasomaji wangu, ndipo ulipobakia unywele. Kidevu kilitetema. Karani aliinamia mbele, kalamu juu ya karatasi. Sihaba alifumba macho, na ndani ya giza alimwona si mtoto wake bali mvulana mmoja amesimama mlangoni mwa nyumba ya zamani, anaita, na mgongo wa mwanamke anayechambua mchele. Na kwa mara ya kwanza alijiuliza mwanamke yule alikuwa akimlinda mwanawe na nani.

Mtoto aliita mara nyingine mbili. Mkalimani hakuzitafsiri. Kisha akaacha kuita. Hakulia. Ilikuwa afadhali angelia.

Karani alisimama. "Shingo, hapana. Macho, hapana. Sikio, hapana."

Mkumbukwa alitaka kusema, Hakimu akamzuia kwa kiganja. Alifungua kitabu, akausoma ukurasa wa arubaini na moja kwa sauti kavu, akakifunga. Akasema Baraza limeridhika kwamba huyu siye. Anafanana naye, anasema kama yeye, huenda ni mwizi wa sura na lugha, lakini siye, kwani yule asingeweza. Dai juu ya mama limetupwa. Dai juu ya mtoto limetupwa pamoja nalo. Na kwa kuwa imethibitika kwamba mwanamke huyu ni mtu wa nje, hana uhusiano wowote na kitabu, Baraza linampiga marufuku, kama mtu mwingine yeyote wa nje, kuitumia lugha ambayo si yake, neno lolote, jina lolote, popote, hata nyumbani, kuanzia saa hii. Akikiuka, yeye na mtoto watahesabiwa kuwa mali kwa kukiri wenyewe.

Salmini, kwenye kiti chake cha mdai, aliinamisha kichwa. Hakuwa ameufikiria mlango huo. Mkumbukwa, yeye, alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake taratibu, wala hakuonekana mtu aliyeshindwa.

Sihaba alisimama. Alikuwa huru. Aligeuka sasa, wakati kugeuka hakukuwa na thamani tena kwa yeyote, na pale nyayo ndogo ziliposimama palikuwa patupu. Walikuwa wamemtoa mtoto.

Aliwakuta nje kwenye ngazi, juani. Bi Zuwena alikuwa amekaa na mtoto kasimama mbele yake, kampa mgongo mlango, anachora kitu vumbini kwa kidole cha mguu. Msikizi wa shati jeupe alikuwa ameegemea nguzo hatua tatu tu kutoka hapo, daftari wazi.

"Mwache kwanza," Bi Zuwena alisema kwa sauti ya chini. "Tangu tumetoka hajasema kitu."

Sihaba hakuweza kumwacha. Alizunguka, akapiga magoti mbele ya mtoto, akayashika mabega yale madogo. Mtoto alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Jina lake lilikuwa mdomoni mwa Sihaba, limeshapanda, linasukuma meno. Msikizi aliinua kalamu. Akalimeza. Akatafuta katika lugha ya mji, lugha ya sokoni na ya kupangia chumba, akapata neno moja, neno ambalo mtoto alilijua vizuri kwa kuwa alilisikia kutwa uani kwa Bi Zuwena wakiitwa watoto wengine.

"Mwanangu," alisema.

Mtoto akageuza kichwa, akatazama nyuma yake, aone anayeitwa ni nani.